Mifupa Iliyokosa Mpishi: "Darwin's Nightmare" na Kikaango cha Butimba

Wasomaji wa mwambao hawahitaji kusimuliwa upya kisa cha Fumo Liyongo gerezani, lakini iko sehemu moja ya kisa hicho ambayo mara nyingi hupitwa haraka. Mama yake alimpelekea vyakula vizuri kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakavila wao, wakamwachia mfungwa makombo. Ndipo Liyongo alipotuma neno kwa fumbo: uokwe mkate wa wishwa, na ndani yake itiwe tupa. Walinzi walipouona mkate ule wa makapi waliudharau, wakaupisha. Kilichomfungua shujaa minyororo kilipita langoni kwa sababu wenye nguvu hawakuona kwamba kilistahili kutazamwa. Muhammad Kijumwa, katika utendi wake wa mwaka 1913, aliupa mkate huo nafasi yake kamili. Mshairi alijua kwamba katika makapi mna akili ya mwanamke aliyeupika.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa na kila anayeitazama filamu ya Hubert Sauper, "Darwin's Nightmare", iliyotoka mwaka 2004 na kuupeleka mji wa Mwanza katika kumbi za sinema za Ulaya. Filamu ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa mwaka 2006, na mwaka huohuo ikateuliwa kugombea Oscar. Miaka zaidi ya 20 imepita, na hasira za wakati ule zimetulia. Sasa inawezekana kuisoma filamu hii kama tunavyosoma utenzi au riwaya, kwa kuuliza jambo moja ambalo halikuulizwa sana wakati wa kelele: mle ndani, chakula kimetazamwa kwa jicho gani?

Kiini cha filamu ni sangara. Samaki huyu hakuwa wa Ziwa Viktoria. Alitiwa humo katika miaka ya 1950, akatulia, kisha katika miaka ya 1980 akaenea na kuwala furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao aina zao zilihesabiwa kwa mamia. Ghuba ya Mwanza, ambayo Butimba imekaa ukingoni mwake, ndiyo iliyochunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, nao wakajikuta wanaandika orodha ya viumbe vinavyotoweka mbele ya macho yao. Baadaye vikaja viwanda vya minofu. Nyama nyeupe ilikatwa, ikagandishwa na kupakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Kilichobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, kilirudi kwa watu wa ziwani. Mwanza wakakiita mapanki. Kisumu, upande wa Kenya, wakakiita mgongo wazi.

Haki ya filamu isemwe kwanza. Sauper aliona jambo la kweli, akalionyesha bila kupepesa. Uti wa samaki uliotundikwa juani, funza wanaotambaa, hewa kali ya amonia, mama mmoja mwenye jicho lililoharibika akisimama katikati ya yote hayo: hizi si picha za kubuni. Msafara wa minofu kwenda juu angani na mifupa kwenda chini matopeni ni mzani unaoeleweka hata na asiyejua kusoma. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na filamu ilimlazimisha mwenye shibe akae kitako na kumtazama mwenye njaa kwa muda wa saa moja na zaidi. Kazi hiyo ina thamani yake, na asiyeikubali hataaminika atakapoikosoa.

Upungufu wa filamu unaanzia pale kamera inapoishia. Mifupa imeonyeshwa ikitundikwa na kukaangwa, lakini mpishi hakuulizwa anachokifanya. Hakuna anayesema kichwa hupasuliwaje, mafuta huyeyushwa kwa moto wa kiasi gani, chumvi hutiwa kabla au baada, wala nani hununua na hula na nini. Kikaango kimekuwa alama tu ya maangamizi. Katika ushairi wetu kosa hili lina sura yake inayojulikana: mtunzi akishapata sitiari yake, huacha kukitazama kitu chenyewe. Mwenye kutunga juu ya jahazi kama alama ya safari ya maisha, asijue tanga linapandishwaje, husikika mara moja na mabaharia.

Atakayekwenda Butimba atakutana na yale ambayo filamu haikuyangoja. Butimba ni kata ya jiji la Mwanza, kusini ya katikati ya mji. Watu wengi nchini huijua kwa mambo mawili: gereza lake kuu, na chuo chake cha ualimu kilichotoa walimu wengi wa muziki na sanaa. Hapo, kama kwingineko ufukweni mwa ziwa, biashara ya kukaanga samaki ni ya akina mama. Mafuta ya sangara huchujwa kutoka kwenye mafuta yake mwenyewe yaliyokatwa tumboni, na katika mafuta hayohayo mifupa hukaangwa mpaka ile nyama iliyosalia kati ya miiba iwe kavu na yenye kulia mdomoni. Kichwa huachwa kwa mchuzi, maana mashavu na shingo ndiko kulikobaki utamu. Huliwa kwa ugali, mara nyingi wa muhogo au wa udaga, ambao ni muhogo uliovundikwa kabla ya kuanikwa na kusagwa. Mwenye kupanga mambo hayo anajua samaki, moto na wakati.

Mwaka 2006 filamu ilizusha mtafaruku nchini. Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, watu wakaandamana Mwanza, na Bunge likalizungumza. Malalamiko mengi yalikuwa na msingi, hasa juu ya dokezo la silaha ndani ya ndege za samaki, ambalo filamu ilililea kwa vivuli na maswali bila kulikamilisha kwa ushahidi. Lakini tazama lilivyojibiwa suala la mapanki. Wako waliodai kwamba mapanki si chakula cha watu, ni cha mifugo. Wako waliosema kwamba wanaoyala ni wachache. Karibu kila aliyejibu alijibu kama mtu aliyefumaniwa. Kwa hiyo filamu na wapinzani wake, waliogombana kwa mengine yote, walikubaliana juu ya jambo moja bila kulitamka: kula mifupa ni aibu. Mmoja aliitangaza aibu hiyo, mwingine akaificha. Mwanamke wa kikaangoni hakuambiwa na yeyote kati yao kwamba anachokifanya ni kazi, na kwamba kazi hiyo ina ustadi.

Hapa ndipo panapofaa kuvuka bahari mbili na kuiangalia meza ya Jamaika. Kisiwa kile kilijibu swali hilo kabla ya Mwanza kuulizwa.

Chakula kinachotajwa kuwa cha taifa Jamaika ni aki na samaki wa chumvi. Samaki huyo ni chewa wa bahari ya baridi, aliyevuliwa Newfoundland na Nova Scotia, akatiwa chumvi na kukaushwa. Daraja la juu liliuzwa Ulaya. Daraja la chini kabisa, lililovunjikavunjika na kuharibika, lilipewa jina la soko la visiwa vya Karibi na kupelekwa huko kulisha watumwa wa mashamba ya miwa. Aki ni tunda la Afrika Magharibi, lililofika Jamaika katika karne ya 18. Tunda hilo lina sumu mpaka lifunguke lenyewe mtini, na anayelipika lazima ajue ni sehemu gani ya kutupa na ni ipi ya kuchemsha. Basi mabaki ya mfanyabiashara yakakutana na ujuzi wa mtumwa. Samaki hurowekwa usiku kucha, maji ya chumvi yakamwagwa, akachambuliwa miiba, akakaangwa kwa vitunguu na pilipili, kisha aki iliyochemshwa ikachanganywa taratibu isivunjike. Leo chakula hicho hupikwa asubuhi katika nyumba za matajiri na za maskini, na Mjamaika aliyeko London au Toronto hukitafuta kama mtu anayetafuta barua ya nyumbani.

Orodha ni ndefu. Mkia wa ng'ombe, kwato zake, kichwa cha mbuzi na matumbo yake, yote yalikuwa masalio baada ya bwana kuchagua, na yote yamekuwa vyakula vya heshima. Supu ya kichwa cha mbuzi hunywewa arusini. Nyama ya kuchoma inayoitwa jerk inahusishwa na Wamaroni, watumwa waliotoroka wakajificha milimani na kupigana na Waingereza mpaka wakatiliana nao mikataba mwaka 1739. Waliikausha nyama kwa pilipili kali na kwa mbegu za mti wa pimento, ambazo harufu yake ni kama karafuu na mdalasini vilivyotwangwa pamoja. Mkate wa muhogo uitwao bammy ulitoka kwa Wataino, wenyeji wa kisiwa kabla ya Wazungu. Mchuzi wa mbuzi wa bizari ulikuja na Wahindi walioletwa kwa mikataba ya kazi tangu mwaka 1845.

Msomaji wa Unguja au Pemba akiisoma orodha ya jikoni la Jamaika atatabasamu, maana nusu yake anaijua. Wali wao wa Jumapili hupikwa kwa tui la nazi pamoja na maharage, na Krismasi kwa mbaazi. Kalalu yao ni mchicha. Shelisheli, ambalo hapa huchemshwa au kukaangwa bila historia yoyote, lilifikishwa Jamaika mwaka 1793 na nahodha William Bligh kwa makusudi ya kuwapatia watumwa chakula cha bei nafuu. Samaki wa chumvi hupikwa pia kwa tui linalochemshwa mpaka likatike na kutoa mafuta, na hapo mzee yeyote wa Forodhani atakumbuka papa mkavu aliyekuja kwa majahazi ya kaskazi, akapikwa kwa muhogo wa nazi. Papa yule hakuwa chakula cha sultani. Harufu yake ilichekwa, na bado huchekwa. Hata hivyo hakuna mwandishi wa Unguja anayeona haya kumtaja, na wapo watu waliosafiri dunia nzima wasipate cha kumlinganisha naye.

Je, ni nini kilichoyageuza makombo ya Jamaika yakawa fahari? Haikuwa hisani ya wenye mashamba. Utumwa ulikoma mwaka 1838, na kwa zaidi ya karne moja baadaye tabaka la juu la kisiwa liliendelea kuvionea haya vyakula vya watu weusi kama lilivyoionea haya lugha yao. Mambo mawili yalienda pamoja, sufuria na ulimi. Louise Bennett, mshairi aliyezaliwa Kingston mwaka 1919 na kufariki mwaka 2006, aliandika kwa lugha ya sokoni wakati wasomi walipoiita Kiingereza kilichovunjika. Wachuuzi wake wanasema kwa sauti zao wenyewe, wakitania, wakitukanana na kupigania bei. Alipowapa ulimi, alivipa pia vikapu vyao heshima. Jamaika ilipopata uhuru mwaka 1962, chakula na lugha vilikuwa tayari vina mashahidi. Funzo kwa mwandishi ni wazi: chakula cha mnyonge hupata hadhi pale anapotokea mtu wa kukiita kwa jina lake bila kuomba radhi.

Ziwa Viktoria halikukosa watu wa namna hiyo, ila filamu haikuwasoma, na sisi wa pwani tumewasoma kidogo mno. Aniceti Kitereza, mtu wa kisiwa cha Ukerewe, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Alifariki mwaka uliofuata. Ndani ya riwaya hiyo mume anatozwa pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe, na Kitereza hakuridhika kutaja pombe na kupita. Anaeleza ndizi zinavyovundikwa, zinavyokamuliwa, nani anasaidia, nani anakunywa kwanza na kwa adabu gani. Wahakiki wengine wamelalamika kwamba maelezo hayo yanachelewesha kisa. Malalamiko hayo yamekosea. Katika jamii ile pombe ndiyo kisa: ndani yake mna toba ya mkwe, nguvu za majirani na tumaini la mtoto. Kitereza alijua kwamba ukikata maelezo ya upishi, unabaki na watu wasio na mikono.

Mwana mwingine wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, aliita diwani yake ya mwisho Dhifa. Ilitoka mwaka 2008, miaka 4 baada ya filamu. Inatosha kulitafakari jina hilo. Mshairi aliyezaliwa katika ziwa ambalo dunia ililiona kuwa meza ya mifupa, alichagua neno la karamu, neno lenye mwaliko, mwenyeji na mgeni ndani yake. Kuna uchungu katika uchaguzi huo na kuna kiburi pia, na vyote viwili vinakosekana katika picha za Sauper.

Msomaji mwangalifu atauliza: je, hoja hii haipambi njaa? Je, si hatari kumwambia mama wa Butimba kwamba mifupa yake ni utamaduni, wakati aliyechukua minofu anasikiliza na kufurahi? Swali ni zito na halistahili kujibiwa kwa methali. Jamaika yenyewe inatoa jibu. Kuisifu aki na samaki wa chumvi hakukumsamehe mwenye shamba hata siku moja. Kinyume chake, kila anayekifahamu chakula hicho anaifahamu njia iliyomleta yule samaki, na sahani hiyo imekuwa ushahidi unaoliwa kila asubuhi. Dhuluma na ustadi hukaa katika chungu kimoja. Anayeiona dhuluma peke yake humfanya mpishi kuwa mfupa mwingine. Anayeuona ustadi peke yake humfanya mwizi kuwa mfadhili. Sauper alifanya kosa la kwanza. Wenye kusema kwamba mapanki ni chakula cha mifugo hawakufika hata kwenye la pili, maana waliukana ushahidi na mpishi kwa pamoja.

Kosa hilo linagharimu, kwani ziwa halingoji. Zamani furu walitungwa kwenye vijiti na kukauka kwa jua tu. Sangara, kwa ukubwa wake na mafuta yake, alidai moshi na moto, yaani kuni na fedha, na wanawake wengi waliokuwa wakikausha samaki wakaachwa nje ya biashara. Lakini ujuzi haukufa, ulihama. Katika soko la Mwaloni, Kirumba, sangara hupasuliwa, hutiwa chumvi na kukaushwa akaitwa kayabo, na wanunuzi wake wakubwa hutoka Kongo. Huyo ni ndugu wa yule chewa wa Jamaika na wa papa wa majahazi, na pengine siku moja mshairi wa Bukavu atamwimbia. Dagaa nao huvuliwa gizani kwa taa na kuanikwa kukipambazuka. Wasukuma wana michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza. Kila jina hapo limebeba hatua za kazi, na jina likisahaulika hatua zake husahaulika nalo. Majina ya furu yamekwisha kwenda hivyo. Wazee wa ufukweni walikuwa na majina ya samaki ambao wajukuu wao hawajawaona.

Na soko limegeuka tena. Siku hizi bondo la sangara, lile puto la ndani linalomsaidia kuelea, kwa uzito wake linauzwa ghali kuliko minofu, nalo huishia katika masoko ya Uchina na Hong Kong. Kilichokuwa kikitupwa kimekuwa dhahabu, na hakuna filamu iliyotengenezwa kuwacheka wanaokila kwa bei hiyo. Kumbe aibu haikuwa katika sehemu ya samaki. Ilikuwa katika umaskini wa mlaji, na jicho la kamera halikuweza kuvitenganisha viwili hivyo. Aliyekupa wewe kiti ndiye aliyenipa mimi kumbi, wanasema wahenga, na mwenye kumbi huketi akala, akasema, akaimba.

Filamu ya Sauper itaendelea kutazamwa, na inastahili. Ni kazi ya mtu mwenye ghadhabu na ujasiri. Lakini ni kazi ya mlinzi wa lango, si ya mama wa Liyongo. Aliuona mkate wa wishwa, akautambua kuwa ni wa makapi, akausikitikia mbele ya dunia, akaupisha bila kuuvunja. Waandishi wa Kiswahili, wa ziwani na wa visiwani, ndio waliobaki na kazi ya kuuvunja na kutazama ndani. Kazi hiyo haianzi na sitiari. Inaanza kwa kuketi karibu na kikaango cha Butimba jioni moja na kumuuliza mama aliyekishika: haya mafuta umeyachujaje?